Mwombaji Wetu Amenyamaza

Nyumba ya kona,
nyuma ya karakana ya kuchomelea.
Jumapili alasiri, mwisho wa mwezi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu, nyingi kadiri mtu aliyechoka anavyoweza kuzibeba. Hujambo? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu mara ya mwisho kimeisha, au bado unakitibu kwa chai na ukaidi? Na wifi yangu je, anaendeleaje? Anakula vizuri? Mwambie nimeuliza hilo la kula kabla ya mengine yote, atanielewa.

Sisi huku hatujambo, uzima wa kusimama na kutembea. Miguu yangu imevimba kidogo lakini bado inaingia kwenye viatu, kwa hiyo sina cha kulalamika sana. Nitalalamika kidogo tu, hapo mbele.

Najua umeshangaa kupata barua siku hizi. Nikikupigia unaniambia uko kazini, utanipigia, kisha ndiyo imetoka hiyo. Barua haikatiki. Rafiki wa shemeji yako, yule dereva wa lori, anapita huko kwenu, na ameniahidi kuiweka mkononi mwako mwenyewe. Basi kaa chini, kunywa maji, unisome mpaka mwisho.

Kazini niko palepale, chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine kubwa imekufa na fundi anakuja kila wiki kwa mdomo. Mashuka ya wodini tunaloweka kwenye mabeseni, tunakamua kwa mikono, halafu tunaingia chumba cha pasi ambako mvuke unakuchemsha na wewe. Jioni nikirudi nanuka sabuni ya dawa mpaka mpwa wako anasema nikisimama karibu na kabati nguo zinajikunja zenyewe kwa woga. Huyo naye yuko darasa la mtihani, anasoma na anasinzia, zaidi anasinzia.

Shemeji yako anachomelea mageti, siku nyingine kazi ipo, siku nyingine anakaa anapanga vyuma upya. Macho yanamuuma kwa zile cheche. Lakini kila asubuhi kabla ya kutoka anamnyanyua Mama kitandani na kumweka kwenye kiti, taratibu kama anabeba kioo, na hata siku moja sijamsikia akiguna. Namshukuru Mungu kwa mume huyu, ingawa anakoroma.

Sasa nije kwa Mama, maana ndiye aliyenikalisha kuandika.

Tangu ile siku alipoanguka jikoni, upande wa kulia haujarudi, na maneno hayajarudi. Daktari anasema anaelewa karibu yote, ila ulimi haumtii. Anakula uji laini. Anamjua kila anayeingia. Mkono wake wa kushoto bado una nguvu za ajabu, ukimpa kikombe humpokonyi tena mpaka atake yeye.

Kilichotushinda ni asubuhi. Kabla hata watu hawajaanza kupita njiani, Mama alikuwa anaanza kulia. Analia kwa sauti, anagonga ukuta kwa ule mkono mzima, machozi yanaingia masikioni. Sisi tukajua ni maumivu. Tukaenda zahanati, wakamwongezea dawa, akawa analala mpaka jua linapanda, na sisi tukasema afadhali. Nikikumbuka ile afadhali naona aibu. Mwili ulipoizoea dawa, kilio kikarudi. Tukabadilisha godoro. Tukahamishia kitanda dirishani. Akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamnyoosha, akamkunja. Wapi.

Halafu ikaja siku moja umeme umekatika, maji ya kumwogesha hayajachemka, shuka lake limelowa, na mimi nimeshachelewa kazini. Mama analia. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikasema kwa sauti, wala haikuwa ibada, ilinitoka tu, "Ee Mungu, nisaidie, nimechoka." Mama akanyamaza. Akafumba macho, akaweka mkono kifuani, akangoja. Sasa mimi sikuwa na la kuongeza. Nikasema amina. Akafumbua macho akanitazama kama alivyokuwa akitutazama tukidai tumefagia uwanja wote na majani yamejaa mlangoni. Kisha akaanza kulia upya.

Ndipo nikaelewa ile ni saa gani. Ni saa yake ya kuomba, ambayo sisi tulikuwa tunajifunika shuka tukisikia sauti yake ukutani.

Unakumbuka tulivyoishi, Chiriku. Mtihani, Mama ataomba. Usaili wa kazi, mwambieni Mama. Shemeji yako alipoungua mkono, kabla hatujatafuta hata kitambaa cha kumfunga, mtu ameshashika simu kumpigia Mama. Maombi tulikuwa tunampelekea yeye kama watu wanavyoniletea mimi mashuka, unatupa mlangoni unaenda zako, unarudi kuchukua safi. Hata chakula tulingoja aombe yeye, na akisafiri tulikula hivihivi. Mimi ndiye mkubwa wenu, nimeimba kwaya, sare ya akina mama ninayo imenyooshwa inaning'inia, na siku ile ukingoni mwa kitanda maneno yangu yaliisha kabla maji hayajapata moto.

Na unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilifanya kama kawaida ya ukoo wetu, nikatafuta mtu wa kunifanyia. Nilimwita Bi Kengele, yule kiongozi wa kikundi cha maombi anayefika kanisani kabla ya mwenye funguo. Alikuja na wenzake, wakaomba mpaka jirani akazima redio. Mama alifumba macho kwa heshima zake. Walipofunga mlango, akalia. Akaja mchungaji, naye vilevile. Mwisho nikaona bora nitumie simu, nikaweka maombi yaliyorekodiwa, nikaiegemeza kwenye mto, nikaenda kupiga pasi sare yangu. Mama akaisukuma ikaanguka, kioo kikapasuka. Hapo nilipandwa na hasira. Nikamuuliza, "Mama, unataka nini kwangu?" Akaninyooshea kidole. Akakiacha pale pale, kinanielekea mimi.

Basi nikaanza, sina ujanja.

Sikuandikii kukusimulia utukufu, maana haupo. Naamka mapema, nasoma Neno nikiwa nimesimama jikoni, kwa sababu nikikaa tu nimelala. Mstari mmoja naurudia mara nyingi kwa kuwa sijui niliishia wapi. Kisha naingia kwa Mama, naomba. Mwanzoni nilikuwa nasema sentensi ileile kila siku, namwomba Mungu atulinde, atulinde tena, na kisha atulinde. Katikati akili inanitoroka inakwenda kuhesabu mabeseni. Sisikii joto moyoni, sisikii amani inayoshuka. Nilimwambia mchungaji kwamba nahisi naongea na ukuta. Akanijibu nisiache, kukua kiroho ni kazi kama kazi nyingine. Nikamwambia kazi ninayo tayari na inanitosha. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Lakini sikuacha, kwa sababu nikiacha Mama analia. Wengine wanavutwa na upendo wa Bwana, mimi nimesukumwa na kidole cha Mama. Baadaye maneno yakaanza kupatikana kidogo kidogo. Nikaona ni rahisi zaidi nikitaja watu. Nikamtaja shemeji yako na macho yake. Mpwa wako na usingizi wake. Kaka yako Fundi na zile nyaya za umeme anazozishika kama kamba za kuanikia nguo. Nikamtaja hata msimamizi wangu kazini, yule wa kufoka, ambaye mwanawe ni mgonjwa.

Sasa sikia. Siku moja huyo msimamizi akanisema mbele ya wenzangu kwa shuka ambalo hata sikulishika mimi. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, kali, la kumkalisha. Nikakumbuka asubuhi ile nilimtaja, yeye na mtoto wake. Jibu likagoma kutoka. Nikalimeza, likanikaa kooni mpaka saa ya chakula. Kama huko ndiko kukua kiroho basi nimekua urefu wa ukucha, na sina hakika kama wenzangu wamenihesabu mpole au mjinga.

Na nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kweli. Ziko asubuhi natamani Mama achelewe kuamka nilale kidogo tu, halafu naogopa kile nilichotamani, nanyanyuka mbio kwenda kumwangalia kama anapumua.

Sasa nakuja kwako, na naomba usikunje karatasi.

Ninajua ni kwa nini hupigi. Nilikuwepo ile siku. Mlipokuwa hospitali na mtoto wenu, Mama alikuwa anawaombea kila siku kwenye simu, na alisema mtoto ataishi. Mtoto hakuishi. Ukamwambia Mama asikuombee tena, wewe wala mkeo. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, namsuka. Alikuitikia "sawa, mwanangu," akaweka simu chini, akaniambia niendelee kusuka. Hukupiga tena. Na kabla hamjapata nafasi ya kuongea ninyi wawili, akaanguka.

Kwanza nikwambie hili, ulisome mara mbili. Si wewe uliyemwangusha. Daktari alisema ni shinikizo la damu, alikuwa nalo siku nyingi, na dawa alikuwa anazimeza pale tu anapokumbuka. Fundi aliniambia unalibeba hilo. Liweke chini. Mimi mwenyewe nilikudhania vibaya wiki za mwanzo, sikufichi, nilikukasirikia sana, na hata sasa haijaisha yote. Lakini kumwangusha, hapana.

La mtoto wenu sina jibu. Nimelipeleka asubuhi nyingi na sijajibiwa. Atakayekuletea jibu jepesi mwambie akapumzike.

Ila kuna jambo lazima ulijue. Kwa sababu ya hasira yangu, kwenye kutaja watu nilikuwa nakuruka. Ulisema usiombewe, nikajiambia haya, nakutii, nami nikapata raha fulani kukutii. Nikawa nataja wote, kisha amina. Mama hafumbui macho. Nikadhani amepitiwa na usingizi, nikawa naondoka.

Wiki iliyopita nimesema amina nikataka kusimama, akanidaka kifundo cha mkono. Nikavuta, hakuachia. Nikafikiri anataka maji, akatikisa kichwa. Nikaanza kutaja majina upya, shemeji yako, akatikisa kichwa, mpwa wako, akatikisa, Fundi, akatikisa. Kazini nachelewa, mkono unaniuma, na mimi najua kabisa ni jina gani limebaki. Nikakaa kimya kwa ukaidi, wewe unaujua ukaidi wetu. Mama naye wa kwake ni mkubwa zaidi, sisi tumeurithi wapi?

Mwisho nikalitaja jina lako. Akafumba macho, akangoja, kama siku ile ya kwanza. Nikasema nilichokuwa nacho. "Bwana, huyu amekukasirikia wewe, na mimi nimemkasirikia yeye. Tushike wote wawili, kwa ajili ya Mama." Ndipo akaniachia. Nilikwenda kazini nikilia njia nzima, watu wananipisha. Sijui kama ule ndio uwepo wa Mungu wanaousema. Ninachojua, tangu siku hiyo naomba nikimaanisha, walau hapo kwenye jina lako, na hasira imepungua kiasi cha kuweza kuandika barua hii.

Mama halii tena asubuhi. Lakini kila nikimaliza kukutaja, anageuza uso kwenye meza na kuitazama simu. Mwanzoni niliizungusha, nikamwonyesha picha, nikampa aishike. Hataki. Anaitazama, kisha ananitazama mimi. Nimeshaelewa, na wewe umeshaelewa.

Daktari alipokuja mara ya mwisho alisema moyo wake unachoka, tusipange mambo ya mbali. Aliyasema hayo akiwa anafunga mkoba wake, wala hakukaa. Shemeji yako alitoka nje akaenda kupanga vyuma.

Nasikia ulimwambia Fundi kwamba mtu kuomba bila kuhisi kitu ni unafiki. Nimelifikiria hilo nikiwa nakamua mashuka, kazi ambayo inampa mtu muda wa kufikiri. Mimi naona unafiki ni kujifanya unahisi. Nani kakwambia ujifanye? Ukiwa na hasira na Mungu mwambie una hasira, Mama akisikia. Ukikwama, kwama. Mimi nilikwama kwenye sentensi moja kwa siku nyingi na Mungu hakunifukuza. Mama hangoji maneno mazuri. Ameombewa na mchungaji, ameombewa na Bi Kengele na kikundi kizima, anaombewa na mimi. Sote tunasema vizuri kukupita wewe, na bado anaitazama simu.

Wala sikuombi urudi kanisani, hilo ni lako na Mungu wako. Nakuomba umwombee Mama kwa mdomo wako mwenyewe, mara moja, wakati bado anasikia. Usimtume Fundi. Usiniambie mimi nimfikishie. Habari za kutumana ndizo zilizotufikisha hapa.

Kama ikikushinda kabisa, nitafanya nini? Sitamdanganya kwamba ulipiga akiwa amelala. Nitaendelea kukutaja asubuhi, na yeye ataendelea kuitazama simu, mpaka siku atakayoacha.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie Mama alimshonea kitambaa cha kichwa kabla hajaugua na nimemtunzia. Wasalimie majirani zako wale waliowasaidia kumzika mtoto vizuri, sijawasahau. Shemeji yako anakusalimu na anasema lile geti ulilolicheka bado limesimama. Mpwa wako anakusalimu, yuko hapa mezani, kitabu kiko wazi na yeye yuko mbali. Kaka yako Fundi anakusalimu, na Bi Kengele anakusalimu kwa sauti ambayo huenda umeshaisikia bila barua.

Mungu awashike wewe na mkeo hata mnapokuwa hamtaki kushikwa. Awape usingizi, awape hamu ya kula, na huyo mtoto wenu ambaye sikujaliwa kumbeba amtunze vizuri kuliko tulivyoweza sisi.

Jumapili ijayo tukitoka ibadani nitamweka Mama kwenye kiti chake, na simu nitaiweka upande wa sikio linalosikia vizuri. Nikiipokea sitasema hata hujambo. Nitampa yeye moja kwa moja, na atakachosikia kwanza kiwe sauti yako.

Ni mimi dada yako mkubwa,
nikupendaye hata nikiwa nimenuna.